Tope la Kalundborg: mabaki ya vijidudu yalivyotoka kiwandani yakafika shambani

Kalundborg ni mji mdogo wa bandari katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sjælland, Denmark, takriban kilomita 100 kutoka Copenhagen. Mgonjwa wa kisukari wa Tanga au Mombasa anayejichoma insulini ya Novo Nordisk huenda anatumia dawa ambayo asili yake ni matangi ya chuma ya mji huo, na katika matangi ya jirani hutengenezwa vimeng'enya vya viwandani, vikiwemo vya aina inayotiwa katika sabuni za unga ili kuondoa madoa. Wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu hai. Insulini hutengenezwa na hamira. Vimeng'enya hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Bacillus na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Bidhaa ikishachujwa, miili ya vijidudu hivyo hubaki pamoja na chakula ambacho hawakukimaliza, na kiwanda kinachofanya kazi mchana na usiku hulazimika kutafuta mahali pa kuipeleka kila siku ya mwaka. Katika lugha yetu tungeyaita mabaki hayo machicha, kama ya nazi au ya pombe, isipokuwa kwamba machicha haya si nafaka iliyokamuliwa bali ni vijidudu vyenyewe vilivyokwisha kufa.

Kisa cha Kalundborg, cha mabaki hayo kupelekwa mashambani yakiwa mbolea, husimuliwa mara nyingi kama habari ya taka iliyogeuka mali kwa busara ya wenye viwanda. Sikikatai kisa, ila nakataa mpangilio wa sababu zake. Nikiyafuata matukio kwa tarehe, naona kwamba tope hilo la mabaki lilifika mashambani kwa sababu sheria ilifunga njia ya baharini na kwa sababu mashamba yalikuwa karibu. Na nikiifuata naitrojeni ndani ya udongo, naona kwamba rutuba iliyoletwa na tope hilo ilikuwa ya haraka na yenye kalenda kali, tofauti kabisa na mboji ya kudumu ambayo watetezi wengi wa mabaki ya vijidudu hupenda kuizungumzia.

Kiwanda cha Novo kilianza kazi Kalundborg mwaka 1969. Wakati huo tope la uchachushaji lilichanganywa na maji machafu na kupelekwa baharini, jambo lililokuwa la kawaida na la gharama ndogo. Mwaka 1971 Denmark iliunda wizara ya kupambana na uchafuzi, mwaka 1973 ikapitisha sheria ya ulinzi wa mazingira, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka 1974. Vizuizi vya kumwaga vitu ogania baharini vilipokaza, kampuni ililazimika kulinganisha gharama za njia zilizobaki, na kumwaga tope mashambani kukaonekana kuwa njia rahisi kuliko nyingine zote. Mwaka 1976 malori ya matangi yakaanza kulipeleka kwa wakulima wa jirani. Neno "simbiosisi", yaani kuishi kwa kutegemeana, ambalo leo linatambulisha mtandao mzima wa viwanda vya Kalundborg vinavyopeana mvuke, maji, jasi na mabaki, lilikuja kutumika baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati tope linaanza kutembea hapakuwa na mpango wowote wenye jina. Kampuni nayo imebadilika tangu hapo: Novo iliungana na Nordisk Gentofte mwaka 1989 ikawa Novo Nordisk, upande wa vimeng'enya ukajitenga mwaka 2000 kwa jina la Novozymes, na tangu mwaka 2024 upande huo, baada ya kuungana na Chr. Hansen, unaitwa Novonesis. Tope lenyewe lilipewa jina la kibiashara, NovoGro, na aina iliyokamuliwa maji ikaitwa NovoGro 30.

Ni muhimu kujua kilichomo ndani yake, kwa sababu wengi wakisikia neno tope hufikiria maji ya vyoo. Kiwanda cha vimeng'enya hulisha vijidudu vyake sukari, wanga, unga wa soya na chumvi za madini. Baada ya siku chache za kuchachusha, majimaji yenye kimeng'enya huchujwa, na kinachobaki kwenye chujio ni seli, mabaki ya protini ya mimea, chumvi za fosfeti na vumbi la madini linalosaidia kuchuja. Mabaki hayo huchanganywa na chokaa na kupashwa moto hadi vijidudu vife. Hatua hiyo ilipata uzito mpya mwaka 1986, Denmark ilipotunga sheria maalumu ya teknolojia ya jeni, miongoni mwa za kwanza duniani, kwa sababu vijidudu vya viwandani vilikuwa vimeanza kubadilishwa vinasaba na haikuruhusiwa vitoke kiwandani vikiwa hai. Hamira ya insulini ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 1989 ilipelekwa kwa wafugaji kuwa chakula cha nguruwe, baada ya kutiwa maji ya sukari na bakteria wa maziwa ya mgando ili wanyama waipende. Naitaja kwa sababu inaonyesha mpangilio wa thamani: mabaki yenye protini safi kuliko mengine yalikwenda tumboni kwa mnyama kwanza, na shamba likapata yaliyokuwa magumu kulishwa.

Sasa tuingie ndani ya udongo. Miili ya bakteria ina kaboni sehemu nne au tano tu kwa kila sehemu moja ya naitrojeni, na ya kuvu sehemu nane hadi kumi. Mabua ya mahindi yana sehemu 50 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kitakachompata mkulima. Chukua hesabu ya mfano: bakteria wafu walioingia shambani wana kilo 50 za kaboni na kilo 10 za naitrojeni. Bakteria hai wa udongo wanapowala, sehemu kubwa ya kaboni huitumia kama nishati na kuitoa hewani, na tuseme wanabakiza kilo 20 kujenga miili yao. Kwa kuwa miili hiyo ina uwiano uleule, kilo 20 za kaboni zinahitaji kilo 4 tu za naitrojeni. Kilo 6 zilizobaki hawana kazi nazo. Huziachia udongoni zikiwa amoniamu, ambayo bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati, na mizizi ya ngano huichukua. Mabua makavu hufanya kinyume. Mlaji wa mabua hupata kaboni tele bila naitrojeni ya kutosha, akalazimika kuichukua iliyomo udongoni, na ndiyo maana mkulima wa kwetu aliyefukia mabua siku chache kabla ya kupanda huona mahindi machanga yakigeuka manjano na kudhani kwamba mbegu ni mbovu.

Kwa hiyo tope la Kalundborg lilikuwa karibu na mbolea ya kukuzia kuliko lilivyokuwa karibu na mboji. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake ilikuwa imefungwa katika protini, ikahitaji wiki kadhaa za joto na unyevu ili ifunguke, lakini haikuhitaji miaka. Chokaa iliyotiwa kwa ajili ya kuua vijidudu ilikuwa faida ya ziada, kwa kuwa mashamba ya mvua nyingi za Ulaya Kaskazini hupoteza chokaa kila mwaka na wakulima huinunua kuirudisha. Potasiamu ilikuwa kidogo, na hilo lilimlazimu mkulima asiye na samadi ya mifugo kuinunua kando. Chokaa hiyohiyo ina hila yake. Katika hali ya alkali, amoniamu hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupaa, hivyo tope lililoachwa juu ya ardhi kwa siku nzima yenye upepo hupoteza sehemu ya kile ambacho mkulima alilipokea kwa ajili yake, na jirani hupata harufu. Kulifukia mapema ni sehemu ya mbolea yenyewe.

Ni hapa ambapo msamiati wa siku hizi unawapoteza wengi. Wanasayansi wa udongo hupima mabaki ya vijidudu kwa kutafuta sukari zenye amino, hasa glukosamini, ambayo hupatikana kwa wingi katika kuta za seli za kuvu, na asidi ya muramiki, ambayo hutoka kwa bakteria peke yao. Kwa vipimo hivyo, makadirio ya miaka ya karibuni yanasema kwamba takriban nusu ya kaboni ogania katika udongo wa juu wa mashamba na nyasi za kanda za wastani ni mabaki ya vijidudu waliokufa humo. Msomaji mwenye haraka husikia hayo, akaona lori la vijidudu wafu, akahitimisha kwamba lori hilo linaleta mboji iliyo tayari. Hitimisho hilo si sahihi. Mabaki yanayodumu ni yale yaliyoshikamana na chembe za mfinyanzi au kujificha ndani ya matundu madogo, na yalifika hapo kwa sababu vijidudu viliishi papo hapo, vizazi kwa vizazi, vikila majimaji ya mizizi na majani yanayooza. Seli zilizoletwa kwa wingi kutoka nje ni chakula kwanza, na sehemu yake ndogo tu ndiyo itakayoishia kwenye mfinyanzi, tena ikiwa imeshapita katika miili ya walaji.

Hesabu inalionyesha jambo hilo vizuri kuliko maneno. Hekta moja ya udongo wa juu, kwa kina cha sentimita 25, ina uzito wa takriban tani 3,500. Kaboni yake ikiwa asilimia 1.5, hiyo ni zaidi ya tani 52. Mkulima akimwaga mabaki yenye kilo 170 za naitrojeni kwa hekta, ambacho ni kiwango cha juu kinachojulikana sana Ulaya, na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni ukiwa tano kwa moja, anakuwa ameleta kilo 850 za kaboni. Hata sehemu ya saba yake ikidumu kwa miaka mingi, ni kama kilo 120. Mizizi na mashina ya ngano yaliyobaki baada ya mavuno huacha kaboni nyingi kuliko hiyo. Anayetaka kuinua mboji ya shamba lililochoka atafika haraka kwa kuacha mabaki ya mazao shambani, kupanda mazao ya kufunika ardhi na kuweka samadi yenye nyasi. Tope la vijidudu litamsaidia kwa njia ya mzunguko: zao likistawi kwa naitrojeni hiyo, mizizi huwa mingi, na mizizi ndiyo italisha vijidudu vya udongoni.

Ubaya wa mbolea yenye naitrojeni ya haraka ni kwamba haingoji. Kiwanda hakijui majira, lakini ngano inajua. Katika majira ya majani kupukutika udongo wa Denmark bado una joto la kutosha kwa bakteria kufungua protini, mvua zinaanza kuzidi, na zao ama halipo ama ni changa mno. Nitrati inayotokea wakati huo huzama na maji, huingia kwenye mabomba ya kupitishia maji chini ya mashamba, na hatimaye hufika baharini, palepale ambapo tope lilikuwa limezuiwa lisimwagwe. Mwezi Oktoba 1986 Wadenmark waliona kwenye televisheni kamba waliokufa kwa kukosa oksijeni katika bahari ya Kattegat, na hasira iliyofuata ikazaa, mwaka 1987, mpango wa kitaifa wa mazingira ya maji uliolenga kupunguza upotevu wa naitrojeni kwa nusu na wa fosforasi kwa asilimia 80. Samadi ya majimaji ilitakiwa iwe na nafasi ya kuhifadhiwa kwa miezi 9, na kuimwaga kwenye mashamba matupu kabla ya baridi kukazuiwa. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya nayo ikatoa agizo lake la nitrati lenye kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta. Kwa mwenye mabaki ya vijidudu, maana ya yote hayo ilikuwa moja: tope la miezi mingi linahitaji mahali pa kukaa likisubiri majira ya machipuko. Watu wanaosimulia kisa cha Kalundborg hutaja malori na mashamba, lakini kwa nadra hutaja matangi ya kuhifadhia, ingawa bila matangi hayo mbolea ingekuwa uchafuzi uliobadilishiwa njia tu. Mkulima wa Denmark hupeleka serikalini hesabu ya mbolea kila mwaka, na naitrojeni ya tope huandikwa humo kama ya samadi na ya dukani, hivyo hawezi kulipokea kwa sababu tu ni la bure.

Na lilikuwa la bure kweli. Wakulima hawakuuziwa, na hapa wapo wanaouliza: ikiwa ni mbolea nzuri, mbona haina bei? Jibu liko katika maji. Katika miaka ya 1990 tope lililopelekwa mashambani lilifikia zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa maji. Kwa lori la kubeba tani 30, tani milioni 1 ni safari zaidi ya 33,000, yaani takriban 91 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Gunia la kilo 50 la urea lina kilo 23 za naitrojeni. Tani nzima ya majimaji yenye asilimia 5 tu ya vitu vikavu, na vitu vikavu hivyo vikiwa na asilimia 8 ya naitrojeni, ina kilo 4. Kwa uzito wa namna hiyo, kila kilomita ya ziada inakula thamani ya mbolea, na ukivuka umbali fulani gharama ya kusafirisha inazidi kile ambacho mkulima angelipa. Kampuni iliendelea kusafirisha kwa sababu ilikuwa ikikwepa gharama nyingine, ile ya kulisafisha, kulizika au kulichoma. Naona huu ndio ufunguo wa kisa, na ndiyo sababu hakiwezi kunakiliwa na kiwanda cha pombe au cha hamira ambacho mamlaka bado zinakiruhusu kumwaga mabaki yake mtoni bila malipo. Pale njia chafu ikiwa ndiyo ya bei ya chini, vijidudu wafu hawatafika shambani hata wakiwa na naitrojeni kiasi gani.

Wapo pia wakulima ambao lori halikuweza kuingia kwao. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya haziruhusu mbolea iliyotokana na vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba, hata vikiwa vimekufa. Kwa upande wa lishe ya mimea sioni tofauti yoyote: kijidudu kilichopashwa moto na kutiwa chokaa huoza kama kingine. Lakini kilimo hai ni mkataba kati ya mkulima na mnunuzi kuhusu njia ya uzalishaji, na mkulima hana mamlaka ya kuubadilisha peke yake. Jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba wakulima hao, wasioruhusiwa kutumia urea, ndio wenye njaa kubwa ya naitrojeni.

Mabadiliko makubwa ya mwisho yalikuja mwaka 2018, kilipofunguliwa kiwanda cha gesi cha Kalundborg Bioenergi, kilichoanzishwa na kampuni za nishati za Bigadan na Ørsted pamoja na Novo Nordisk na Novozymes, kikapangiwa kupokea takriban tani 300,000 za mabaki kwa mwaka. (Takwimu hii haipaswi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya tani milioni 1, kwa kuwa uzito wa tope hutegemea limekamuliwa maji kiasi gani.) Mabaki sasa huingia kwanza kwenye matangi yasiyo na hewa, bakteria wengine huyala na kutoa methani, gesi husafishwa na kuingizwa kwenye mtandao wa taifa, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa mashambani. Baadhi ya wakulima na wataalamu huuliza kama udongo haujaibiwa chakula chake. Swali ni la haki, kwa sababu kaboni laini inayogeuka kuwa methani ndiyo ileile ambayo vijidudu vya udongoni wangeila. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2013 ulifuatilia kaboni ya chakula cha ng'ombe kwa njia tofauti, yaani kikiwekwa moja kwa moja udongoni, kikipita tumboni mwa ng'ombe, na kikipita katika tangi la gesi, na ukakuta kwamba kwa muda mrefu asilimia 12 hadi 14 ya kaboni ya mwanzo ilibaki udongoni bila kujali njia. Hicho kilikuwa chakula cha ng'ombe, wala si seli za Bacillus, na nisingeihamisha namba hiyo kama ilivyo. Hata hivyo mantiki yake inaeleweka: kilicho rahisi kuoza kitaoza, ama tangini ama shambani, na tofauti ni kama nishati yake itapikia watu au itaishia hewani.

Naitrojeni yenyewe haipotei ndani ya tangi. Sehemu yake kubwa hutoka ikiwa amoniamu, hivyo mbolea inakuwa ya haraka zaidi kuliko tope la zamani, inapaa kwa urahisi zaidi isipochomekwa ardhini, na inalingana vizuri zaidi na ngano inayoanza kurefuka katika machipuko. Kalenda imekaza badala ya kulegea.

Fosforasi ndiyo ambayo hakuna tangi linaloiondoa. Kanuni za Denmark za kutumia taka kama mbolea zimeweka wastani wa kilo 30 za fosforasi kwa hekta kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka 3, sambamba na kilo 170 za naitrojeni. Seli za bakteria zina takriban kilo 1 ya fosforasi kwa kila kilo 4 au 5 za naitrojeni, mbali na fosfeti iliyobaki katika chakula chao, kwa hiyo mkulima anayetegemea mabaki haya hufikia kikomo cha fosforasi akiwa na kama kilo 135 tu za naitrojeni, na zilizobaki lazima azipate kwingine. Kiwanda nacho kinapoongeza matangi ya kuchachushia, mabaki huongezeka, na hekta za kuyapokea lazima zitafutwe mbali kidogo kuliko za mwaka uliopita.